Choo Kisichojaa

Sogeeni karibu, wakazi wenzangu wa milimani na wa mabondeni, hasa ninyi mnaofikiria kuwafungulia wageni milango ili mpate riziki. Nataka kuwasimulia habari za Odeta wa Mawe Pacha, na swali aliloliuliza mpaka likamgharimu.

Mawe Pacha ni mtaa uliopanda mlimani, upande unaotazama ziwa. Nyumba zake zimejibanza katikati ya majabali, kila moja pale ilipopata upenyo, na katikati ya mtaa yamesimama majabali mawili makubwa, bega kwa bega, ndiyo yaliyoupa mtaa jina. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, pimbi hutoka mapangoni wakajilaza juu ya miamba kama wazee waliomaliza kazi zao zote. Mijusi yenye vichwa vyekundu huanza kutikisa shingo. Na chini ya yale majabali mawili, mahali ambapo maji hutoka kwenye mwamba, utasikia ndoo zikigongana na wanawake wakiulizana habari za kuamka.

Mabomba ya maji yalikuwa yameshafika Mawe Pacha, lakini watu hawakuiacha chemchemi yao. Walisema maji ya bombani yana harufu ya dawa, na ya kwenye mwamba yana ladha ya mvua.

Ilikuwa chemchemi hiyo, pamoja na pimbi na majabali, iliyowaleta wageni. Aliyewaleta ni Minaz, mwanamke wa familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ukoo uliofika Mwanza tangu enzi za babu wa babu yake. Minaz hakuja na wageni siku ya kwanza. Alikuja peke yake, akaketi na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Chenge, na akina mama, akauliza, "Ninyi mnataka wageni waone nini? Na nini hamtaki wakione?" Wakazungumza mpaka wakakubaliana. Vijana wa mtaa wangeongoza wageni kwa zamu. Winnie, ambaye jiko lake lilikuwa karibu na ngazi, angewapikia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wavile pamoja na karanga na chai. Odeta angewaonyesha jinsi ya kusuka vikapu vya ukindu. Na fungu la mapato lingebaki mtaani. Kwa fungu hilo ngazi za mawe zilitengenezwa, na taka zikapata mahali pa kutupwa. Msidhani ni jambo dogo. Ni mitaa mingapi imewahi kuulizwa inataka kuonekana vipi?

Odeta alizaliwa Ukerewe, na usukaji aliurithi kwa mama yake. Alikuwa pia mpika rangi hodari. Mikono yake ilikuwa mara chungwa, mara zambarau, kutegemea kikapu cha wiki hiyo. Na alikuwa mtu wa kuuliza. Mgeni akija kumwuliza kuhusu ukindu, yeye alimwuliza kwao watu huchota wapi maji, wanazikana vipi, na kwa nini amesafiri mbali hivyo kuja kumpiga picha pimbi. Mumewe alipenda kusema, "Huyu mke wangu alistahili kuwa polisi."

Mume huyo aliitwa Luhende. Nawaomba msimchukie mapema, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha samaki huko Nyakato, na kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani na malipo yake ya mwisho na hofu moyoni. Mtoto wao, Shimba, alikuwa anafundisha shule Misungwi na ana familia yake. Mama yake Luhende, Bibi Sabina, alikuwa akiishi nao, mzee wa watu asiyekula chochote kilichopikwa nje ya nyumba yao. Luhende aliwatazama wageni wa Minaz wakipanda na kushuka, akajiuliza, kwa nini wasilale hapahapa? Akajenga vyumba vya wageni juu ya jabali, kimoja baada ya kingine, na mbele ya vyumba hivyo akaanza kujenga kibaraza cha kunywea chai, kinachotazama ziwa lote mpaka visiwani.

Hapo ndipo utulivu ulipoanza kuchafuka, ingawa siku ile hakuna aliyeusikia ukichafuka.

Mzee Chenge aliitisha mkutano. Alikuja na mhandisi kutoka mjini, kijana mpole mwenye ramani iliyokunjwa. Mhandisi alieleza kwamba milimani vyoo vya shimo havifai, kwa sababu chini ni mwamba. Mvua ikinyesha mashimo hufurika, na uchafu huteremka kwa walio chini. Kulikuwa na mpango wa kupitisha bomba jembamba la majitaka kutoka nyumba hadi nyumba, lishuke mpaka kwenye bomba kubwa bondeni. Hakuna atakayebomolewa nyumba. Kila mtu angetoa ardhi kiasi cha upana wa mkeka, bomba lipite.

Winnie alikubali lipite ukingoni mwa jiko lake. Wengine walitoa migomba, wengine ukuta wa uani. Zamu ya Luhende ilipofika, mhandisi aliiweka ramani juu ya goti.

"Mzee, kwako ndipo muhimu zaidi," alisema. "Katikati ya haya majabali pana upenyo mmoja tu. Bomba lisipopita kwenye ua wako, nyumba zote za juu hazitaungwa, na yako pia."

"Kwenye ua wangu wapi?"

"Hapa, panapojengwa kibaraza. Kitabomolewa kwa muda, kisha kitajengwa tena."

Luhende aliinuka. "Nimewasikia, na nawaheshimu. Lakini mgeni wangu anakunywa chai anatazama ziwa, na ninyi mnataka chini ya miguu yake ipite haja ya mtaa mzima. Nani atalala kwangu?"

Watu walicheka, maana alikuwa anajua kusema. Mhandisi alijaribu kueleza kwamba bomba likifukiwa halinuki, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kumtangulia. Na Mzee Chenge, ambaye Luhende alikuwa amemchangia viti vya ofisi ya mtaa, alikohoa akasema, "Basi tuanze na waliokubali. Wengine tutazungumza nao taratibu."

Hayo mazungumzo ya taratibu hayakufanyika. Bomba liliishia chini ya majabali.

Luhende alimwita fundi Alexander amchimbie shimo lake mwenyewe nyuma ya vyumba. Fundi alichimba, akagonga mwamba mapema, akahamia pembeni, akagonga tena. Kisha akapata bahati, au aliyoidhani bahati: ufa katika mwamba, mpana wa kuingiza mkono. Akamwaga maji humo, ndoo baada ya ndoo, na yote yakapotea.

"Bosi, hapa umepata," alisema Alexander. "Hapa hutaita gari la kunyonya maisha yako yote."

Na kweli, hakuliita. Vyumba vilijaa wageni, maji yakamwagwa asubuhi na jioni, na shimo likabaki vilevile. Majirani wa juu walipokuwa wakihangaika na mashimo yaliyofurika masika, Luhende alikaa kibarazani akiwaambia wageni na wenyeji, "Mimi nina choo kisichojaa. Mwamba wenyewe umenipa."

Odeta alikuwa akisuka karibu. Akainua kichwa.

"Baba Shimba, kinakwenda wapi?"

"Nini?"

"Kinachoingia humo. Kama hakijai, kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda chini."

"Chini wapi?"

"Chini ni chini, Mama Shimba. Kuna swali jingine?"

Wote wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuingia, na Odeta hakuwa mtu wa kuliacha swali likae bila kulitazama.

Haukupita muda mrefu, watoto wa nyumba za chini wakaanza kuharisha. Mwanzoni watu walisema ni maembe. Msimu wa maembe ukapita, watoto wakaendelea. Kisha wageni wa Minaz, wale wa kupanda na kushuka siku hiyohiyo, nao wakaanza kuugua wakifika mjini au wakiwa njiani kwenda mbugani. Kampuni moja iliyokuwa ikileta watalii ilimwandikia Minaz kwamba itasubiri kwanza. Bibi Sabina naye akawa mtu wa homa zinazokuja na kuondoka, anapona wiki moja, wiki inayofuata yuko kitandani.

Kilichofuata mnakifahamu, kwa kuwa ndivyo tulivyo: tulitafuta wa kumlaumu. Katika mkutano wa mtaa Luhende alisema kwa upole, "Mimi simtaji mtu. Lakini wageni wangu hawaumwi. Wanaoumwa ni wanaokula njiani. Tuangalie jiko."

Jiko lilikuwa la Winnie. Siku chache baadaye bwana afya wa kata alikuja, akakuta nzi na ndoo isiyo na mfuniko, akalifunga jiko mpaka uchunguzi umalizike. Wapo waliokula kwa Winnie kwa miaka, ambao sasa walipita mlangoni kwake wakiangalia upande mwingine.

Odeta alimkuta Winnie amekaa kwenye kigoda, sufuria zimefunikwa kando yake.

"Wewe umekula kwangu tangu umekuja mtaa huu," Winnie alisema. "Umewahi kuumwa?"

"Hapana."

"Basi niambie ni nini, kwa sababu mimi nimefikiri nimechoka."

Odeta alirudi nyumbani akiwa ameyabeba maneno hayo. Akaanza kuwaza kama anayefumua kikapu kilichosukwa vibaya, uzi mmoja mmoja. Wageni waliolala kwao walikula matobolwa ya Winnie vilevile, tena wakaomba waongezewe, na hawakuumwa. Ila walikunywa maji ya chupa tu. Mama mkwe wake hakuwahi kutia mdomoni chakula cha Winnie, na alikuwa anaumwa. Yeye alikunywa maji ya chemchemi, kila siku, kwa kikombe chake cha bati. Na watoto wa chini je? Chemchemi. Wageni wa kupita? Walinawa uso pale, na wengi walionja.

Jioni hiyo alimwambia mama mkwe wake, "Mama, naomba maji yako niwe nayachemsha."

"Maji ya mwamba hayachemshwi, ng'wanone," alijibu Bibi Sabina, akimwita 'mwanangu' kwa Kisukuma. "Nimeyanywa tangu Luhende hajazaliwa. Ukiyachemsha unayaua."

Odeta alimwendea mumewe. Luhende alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kutoka shimoni mpaka chemchemi ni mbali, na katikati ni jiwe tupu. Utaniharibia jina kwa ndoto zako." Akatoka kwenda kuwapokea wageni.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Odeta alikwenda kwa Winnie akamwomba jambo. "Kwa siku chache, wazuie akina mama wasichote. Waambie nimeloweka ukindu wenye dawa kali karibu na chemchemi, maji si salama. Watanilaani, waache wanilaani."

Winnie alimtazama. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuuliza."

"Na ukijibiwa unachokiogopa?"

Odeta akashika njia ya nyumbani, na Winnie akaanza kuwarudisha akina mama na ndoo zao.

Siku Luhende alipokwenda mjini kununua magodoro, Odeta alipika rangi ya zambarau, ile nzito ya kutia mistari kwenye vikapu, akajaza sufuria kubwa kuliko zote za nyumbani. Akaimimina yote chooni, akafuatisha ndoo za maji. Akakificha kikombe cha bati cha mama mkwe, akamwekea maji ya bombani kwenye mtungi bila kumwambia. Kisha akachukua ukindu wake, akashuka, akaketi kando ya chemchemi akisuka na kutazama.

Maji yalitoka meupe. Jua likapanda, likashuka, pimbi wakaja na kuondoka, na maji yakaendelea kuwa meupe. Kesho yake vilevile. Je, mnadhani alisikitika? Alifurahi. Alijiona mwepesi kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani, akaona haya kwa kumshuku mume wake, na jioni ile akampikia sato wa nazi, chakula ambacho mumewe alikipenda sana. Luhende alimwuliza kuna sikukuu gani. "Hakuna," alisema Odeta, "nimefurahi tu."

Usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi Odeta aliamshwa na makelele kutoka chini. Alifika chemchemini akakuta nusu ya mtaa imekusanyika, na Minaz yuko pale na kikundi cha wageni, wengine kutoka Kampala na wengine wazungu. Maji yalikuwa yakitoka mwambani yakiwa zambarau. Si zambarau ya kutilia shaka. Ilikuwa ile ya vikapu vyake. Yalijaa kwenye kidimbwi yakang'aa juani kama kitambaa cha sherehe, na wageni walikuwa wameinama wakipiga picha, wakisema kwao hakujawahi kuonekana kitu cha namna hiyo.

"Ni mizimu," mtu mmoja alinong'ona.

Luhende alikuwa amefika, amevaa shati la kupokelea wageni. Alisimama juu ya jiwe, akayatazama maji, na Odeta aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, kwanza mshangao, kisha hesabu.

"Wageni wetu wapendwa," alisema Luhende, "mmefika siku ya bahati. Babu zetu walituambia kwamba chemchemi hii hubadilika rangi mtaa unapobarikiwa. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nitapajengea uzio, pawe mahali pa heshima, na dunia nzima itakuja kuona."

Mzee Chenge alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Minaz alikuwa akitafsiri, lakini polepole, kama mtu anayetembea kwenye utelezi.

Winnie alisimama upande wa pili wa kidimbwi, mikono kifuani. Alikuwa anamtazama Odeta. Jiko lake lilikuwa limefungwa, jina lake lilikuwa limechafuliwa, na ukweli wote aliujua, lakini alisubiri Odeta aseme mwenyewe.

Odeta alifahamu nini kingefuata akifungua mdomo. Mumewe angeaibika mbele ya wageni na wenyeji. Vyumba vingekuwa vitupu. Pengine yeye mwenyewe angepanda kivuko kurudi Ukerewe na ndoo ya nguo. Alisimama, na kusema kweli, angeweza kusimama hivyo mpaka watu watawanyike.

Ndipo Bibi Sabina alipotokea, anashuka ngazi kwa fimbo, na mkononi ana kikombe chake cha bati. Alikuwa amekipata. Alikuwa amemsikia mwanawe akisema baraka. Watu wakampisha na shikamoo zao, akaitikia marahaba, akafika ukingoni, akainama, akazamisha kikombe katika yale maji ya zambarau.

Odeta alikishika kikombe kabla hakijafika mdomoni.

"Mama, usinywe."

"Niache, ng'wanone. Si umesikia ni baraka?"

"Ni rangi yangu ya ukindu, Mama." Akanyoosha mikono yake, na kucha zilikuwa bado za zambarau. "Niliimwaga mwenyewe. Sikuimwaga hapa. Niliimwaga chooni kwetu."

Minaz aliacha kutafsiri. Mgeni mmoja akamwuliza kwa Kiingereza mama huyo amesema nini, na Minaz akamwambia yote bila kupunguza. Mgeni alirudi nyuma, akaifuta mikono yake kwenye suruali.

"Rangi inaweza kutoka popote," alisema Luhende. Sauti yake haikuwa ile ya juu ya jiwe.

"Basi chukua rangi nyingine, Baba Shimba. Uimwage wewe, mbele ya watu hawa, tukae hapa tusubiri."

Luhende hakuchukua rangi. Bibi Sabina alikuwa amemgeukia, kikombe kikimwagika taratibu mkononi.

"Luhende, mwanangu. Hayo maji ninayoyanywa kila siku?"

Luhende alishuka kwenye jiwe, akapanda ngazi peke yake.

Minaz aliwaondoa wageni wake. Kabla ya kuondoka alipitia kwa Luhende, akasimama nje ya kibaraza. "Kaka Luhende," alisema, "mgeni akiugua hapa hasemi ameugua kwa Luhende. Anasema ameugua Mwanza. Sitaleta mtu tena mpaka maji yapimwe." Akashuka.

Ndani ya nyumba, Luhende alimwambia mkewe, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilianza kukuvua ndani," Odeta alisema. "Ulizivaa tena ukatoka."

Akamwambia aende kwao. Odeta alifunga nguo zake kweli. Lakini jioni ileile Bibi Sabina alishikwa na homa iliyozidi zote zilizotangulia, tumbo likawa gumu kama ubao, na Odeta akafungua mzigo kutafuta khanga ya kumfunikia. Majirani walimbeba mama huyo kwenye kiti, wakamshusha kwa ngazi zilezile zilizotengenezwa kwa fedha za wageni, mpaka kwenye gari. Hospitalini daktari alisema ni homa ya matumbo, imekaa muda mrefu, na utumbo umetoboka. Walimfanyia upasuaji. Alipozinduka alimshika Odeta mkono.

"Uliniambia nichemshe," alisema. "Nilidhani unaniletea maringo ya mjini."

"Pumzika, Mama."

"Usimwache Luhende peke yake. Hana wa kumwuliza maswali."

Alifariki wiki ileile.

Msiba ulikuwa pale kwao, juu ya jabali. Vyumba vya wageni vililala waombolezaji kutoka Misungwi na Ukerewe. Aliyepika ni Winnie, katika jiko lililokuwa limefunguliwa tena baada ya maji kupimwa na ukweli kujulikana. Majirani wa chini, wenye watoto walioharisha, ndio waliobeba maji ya bombani kupandisha. Hakuna aliyemwambia Luhende neno baya. Aliketi kwenye mkeka akiwaona wanavyopanda na ndoo, na nadhani, ndugu zangu, angeona nafuu kama wangemtukana.

Matanga yalipokwisha alichukua sururu, akaanza kukivunja kibaraza chake. Hakumwita fundi. Wapo waliokuja kumsaidia, na wapo waliopita bila kumtazama, na hao nao walikuwa na haki yao. Mzee Chenge alikuja akasimama pembeni, akasema atamwita mhandisi arudi. "Ungemwita siku ile," alisema Luhende bila kuinua kichwa, "mimi nikiwa nimekasirika. Hasira zangu zingekwisha." Chenge akatoa simu mfukoni, akampigia mhandisi.

Bomba lilipita. Nyumba za juu ziliungwa, ule ufa ukazibwa kwa zege. Lakini mwamba haufuliwi kama nguo. Mpaka leo chemchemi imezungushiwa kamba, na bwana afya huja kuchukua maji kwenye chupa, anakwenda, anarudi na jibu lilelile: bado. Kati ya vijana waliokuwa wakiongoza wageni, wengine sasa wanaendesha bodaboda, na mmoja anauza viatu Mabatini. Minaz ameanza tena kuleta watu wachache. Wanaketi na Winnie, wanasuka na Odeta, wanaangalia pimbi, na wakiuliza kamba ile ni ya nini, wanaambiwa.

Odeta na Luhende bado wanaishi pamoja. Luhende sasa anamsikiliza mkewe anapouliza, hata maswali madogo. Lakini lipo moja ambalo hawajawahi kulitamka, ingawa kila mmoja anajua mwenzake analo: kama ule upana wa mkeka ungetolewa siku ile ya mkutano, je, Mama angekuwa hai?

FUNZO LA HADITHI HII

Wakazi wenzangu, sijasimulia haya ili mchukie wageni. Wageni ni riziki, na Mawe Pacha ilionyesha kwamba mtaa ukikaa pamoja ukapanga, riziki hiyo humfikia mpika viazi na msuka vikapu, si mwenye vyumba peke yake. Lakini utalii haukai kwenye nyumba ya mtu mmoja. Mgeni anakuja kwa sababu ya njia, maji, miamba na watu, na vyote hivyo ni vya wote. Akiviharibu mmoja, hasara ni ya wote, kuanzia kwa mama yake mwenyewe.

Basi mtaa unapopanga bomba, njia au mfereji, toa ule upana wa mkeka. Wewe uliye kiongozi, usimwonee haya aliyekuchangia viti, kwa kuwa kunyamaza kwako pia ni uamuzi. Msiharakishe kumlaumu aliye mnyonge kabla hamjachunguza. Na akiwapo kati yenu mtu anayeuliza taka zetu zinakwenda wapi, msimcheke; mpeni nafasi, mfuateni mpaka jibu lipatikane, hata kama jibu liko nyumbani kwenu.

Ukijenga juu, yuko anayekunywa chini yako.